Kocha, Kungwi au Mnoaji? Lugha ya Kitini Kimoja cha Mafunzo ya Uongozi

Mtafsiri akosapo jina la chombo, aghalabu hasara yake ni ndogo. Fundi atakionyesha chombo kwa kidole na kazi itaendelea. Lakini akosapo jina la kazi ya mtu, au alitiapo jina lisilofaa, hasara ni kubwa zaidi. Jina la kazi ndilo linalomwambia mwenye kazi ana madaraka gani juu ya mwenziwe, na ndilo linalomwambia huyo mwenziwe atarajie nini. Makala haya yanahusu kosa la namna hiyo, ambalo nimelikuta katika kitini cha Kiswahili kilichotumiwa kuwafunza watu kazi ambayo mjini Dar es Salaam siku hizi huitwa "ukocha wa uongozi".

Mafunzo yenyewe yalifanyika katika chumba cha ghorofani, mwendo mfupi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, jioni baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi. Walikuwamo maafisa wa serikali, walimu, watu wa benki na wafanyabiashara watatu wa Kariakoo. Kitini kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kisha kikatafsiriwa kwa haraka. Mimi niliitwa karibu na mwisho ili niisome tafsiri na kukaa pamoja na watahini, maana karibu nusu ya watahiniwa walikuwa wamechagua kutahiniwa kwa Kiswahili. Chama kilichoyaendesha mafunzo sikitaji jina. Makosa niliyoyaona si yake peke yake, na angalau chenyewe kiliona haja ya kuita mtu wa lugha, hata kama kilimwita wakati vyeti vimekwisha kwenda kwa mpiga chapa.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, yafaa niieleze kwanza, kwani haifai kuipa jina kazi usiyoijua. Mtu mwenye dhamana, tuseme mkuu wa idara, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa chama cha ushirika, hukaa faraghani na mtu mwingine kwa muda wa saa moja hivi, mara kadhaa katika miezi michache. Huyo mwingine hamfundishi. Hamshauri. Wala hamtibu. Humsikiliza, humuuliza, na humrudishia maneno yake mwenyewe ili ayasikie upya, hata mwenye dhamana aone mwenyewe la kufanya na ajifunge kulifanya. Lipo shirikisho la kimataifa la watu wa kazi hii, lililoasisiwa mwaka 1995 huko Marekani, ambalo limeweka ngazi tatu za kumtambua mtu. Ya kwanza hudai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na watu; ya pili saa 125 na saa 500; ya tatu saa 200 na saa 2,500. Watahini husikiliza mazungumzo halisi, na mojawapo ya makosa yanayoweza kumwangusha mtahiniwa ni kumpa mwenzake majibu badala ya kumwacha ayatafute.

Kwa hiyo sifa kubwa ya kazi hii ni jambo ambalo mwenye kazi halifanyi. Ni kazi ya kujizuia. Na kitini chetu kimemwita mwenye kazi hiyo "kocha".

Katika jiji lolote jingine neno hilo lingeweza kupita. Lakini mafunzo haya yalifanyika kati ya Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya klabu ya Simba, na Jangwani, yaliko makao ya Yanga. Klabu hizo zilianzishwa miaka ya 1930, na hapana mtoto wa Kariakoo asiyejua kocha ni nani. Kocha ndiye apangaye nani acheze na nani akae benchi. Husimama kando ya uwanja akipaza sauti. Timu ikishindwa, yeye ndiye hufukuzwa, na hilo huonekana kuwa haki, maana amri zilikuwa zake. Nani basi atakayesikia kwamba ameletewa "kocha wa uongozi" asitegemee kuamriwa? Mwandishi wa kitini amelihisi tatizo hilo, kwani ukurasa wa nne ameongeza sentensi kuonya kwamba kocha wa uongozi "si kama kocha wa mpira". Istilahi inayohitaji kukanushwa mara tu baada ya kutajwa ni istilahi mbovu.

Tena kitini chenyewe hakina msimamo. Kurasa nyingine zasema "kocha", nyingine "kochi". Mmoja wa wale wafanyabiashara, ambaye huuza samani zinazotoka kwa mafundi wa Keko, alisoma kichwa cha habari "Kochi Bora wa Uongozi" akacheka hata darasa zima likasimama. Kwake kochi ni kiti cha watu watatu chenye sponji, na bora yake hujulikana kwa mbao.

Watetezi wa neno hili husema kwamba hata Waingereza walilitoa katika michezo. Si kweli kabisa. Neno lao latokana na jina la kijiji cha Kocs huko Hungaria, kulikotengenezwa magari ya kukokotwa na farasi katika karne ya 15. Kutoka kwenye gari neno lilihamia, katika karne ya 19, kwa mwalimu wa faragha aliyemvusha mwanafunzi wa chuo kikuu hadi mwisho wa mtihani wake, na baada ya hapo ndipo likaingia viwanjani. Maana ya asili, basi, ni chombo kinachomfikisha msafiri anakotaka kwenda yeye. Maana hiyo ni nzuri na yaifaa kazi tunayoizungumza. Bahati mbaya ni kwamba sisi hatukuipokea. Tulipokea kocha wa uwanjani peke yake, naye alikuja na filimbi yake shingoni. Maneno ya mkopo ndivyo yalivyo: huja na mzigo wa siku yalipopokelewa, si wa siku yalipozaliwa. Kariakoo yenyewe ni ushahidi. Jina hilo ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopigwa kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo mtu akisema "naenda Kariakoo" hakuna anayemfikiria mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu njiani. Hufikiria bei.

Nirudi kwenye chumba cha mtihani, kwani huko ndiko nilikoona gharama ya neno hili.

Mtahiniwa alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule moja ya msingi, mwanamke mwenye umri wa miaka 40 hivi, hodari, aliyemaliza saa zake zote bila kukosa. Aliyekuja kuzungumza naye alikuwa mama mtu mzima, mwenyekiti wa kikoba cha wanawake wauza viungo, ambao walihama na meza zao baada ya soko kuu kuungua mwezi Julai 2021. Shida ya mama huyu ilikuwa moja: mtunza hazina wa kikoba alikuwa haleti daftari la hesabu, na wanachama walikuwa wameanza kunong'ona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye kocha. Haya, nipange."

Mwalimu aliuliza swali la kwanza vizuri, na la pili vizuri. La tatu mama hakulijibu. Alimtazama kwa huruma kidogo, kama atazamwavyo mtoto asiyejua alichotumwa dukani, akasema: "Mwanangu, hayo maswali ninayo hata mimi. Mimi nimekuja kuchukua jibu." Hapo mwalimu alishindwa kustahimili. Mbele yake alikuwapo mtu aliye rika la mama yake, amepanda ngazi tatu, ameacha biashara yake, naye anaomba. Akamwambia aitishe mkutano, amwandikie mtunza hazina barua, awaite mashahidi wawili. Ushauri mzuri kabisa, na hata mimi ningeutoa. Watahini wakaandika kwamba hakufikia kiwango.

Baadaye, tukishuka ngazi, aliniuliza: "Sasa, mzee, kocha asiyesema analipwa kwa lipi?" Sikuwa na jibu la haraka. Najua lakini kwamba swali hilo lilikuwa la kiistilahi, na kwamba aliyestahili kuulizwa ni mtu aliyeketi mezani na kuandika "kocha" bila kujiuliza mama wa viungo ataelewa nini. Yule mwalimu alikuwa ameahidiwa kwa mama kuwa ni mtoa amri. Aliifanya kazi iliyotajwa na jina, akaanguka katika kazi iliyotajwa na kitini.

Basi tulipe neno gani? Kiswahili si maskini wa majina ya watu wamsaidiao mtu kukua, na tatizo letu, nadhani, ni kwamba kila mmojawapo ana kazi yake tayari. Mkufunzi kwetu Tanzania ni mwalimu wa chuo, hasa cha ualimu, naye hufundisha. Mshauri hutoa shauri. Ndilo jina lake. Mnasihi huhusishwa na mtu mwenye majonzi, maradhi au ndoa iliyoharibika, na mkuu wa idara hatakubali kuonekana akiingia chumba cha unasihi kwa sababu tu ataka kuongoza kikao vizuri. Mlezi ni mtu mkubwa anayekilea chama kwa mfuko wake na jina lake, au mtu anayelea mtoto. Kwa vyovyote yuko juu. Mwezeshaji amekwisha kumilikiwa na semina, na huonekana mbele ya watu 30 akiwa na kalamu ya wino mzito.

Kwa kungwi nitasimama kidogo, maana wako wanaompendekeza kwa nguvu. Wanasema: hapa pwani, Wazaramo na jirani zao wamekuwa na kungwi tangu zamani, mtu aaminiwaye, atunzaye siri, akaaye na mwali faraghani hata mwali atoke akiwa mtu mwingine. Kwa nini tumkimbilie mgeni? Hoja hiyo yanivutia kwa moyo, lakini akili yaikataa. Kungwi hufunda. Analo analolijua na mwali halijui, na kazi ni kulihamisha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Pia mwali hana hiari ya kukataa somo. Tukimwita mwenye kazi hii kungwi tutakuwa tumemtoa kocha uwanjani na kumwingiza mwingine mwenye amri kubwa zaidi ya kocha. Kosa litabaki lile lile: neno linampa mtu madaraka ambayo kazi haikumpa.

Yafaa kukumbuka kwamba kazi ya kuongoza kwa kuuliza si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya", walifunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, nao wakakaa na wananchi wapatao milioni 2 nchini kote. Redio ilizungumza, kisha ikazimwa, na kiongozi wa kikundi akawauliza wenzake: sisi hapa, kwetu, tutafanya nini? Hakuwa daktari, na mara nyingi hakuwa amesoma kuliko waliokaa naye. Choo kilichochimbwa baada ya mazungumzo kilichimbwa kwa uamuzi wa kikundi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo iko hapa hapa katikati ya jiji, ilikuwa katika kiini cha kazi hiyo. Nashangaa kwamba kitini chetu chataja vitabu vya wazungu wawili watatu na hakina hata mstari mmoja juu ya jambo hili, ilhali baadhi ya washiriki wazazi wao walikuwa viongozi wa vikundi hivyo. Ila jina "kiongozi wa kikundi" halitatusaidia, kwa sababu hapa anayeketi mbele yetu ndiye kiongozi, na hatuwezi kuwa na viongozi wawili katika chumba kimoja.

Neno ninalolipendekeza nimelichukua kwa watu wawili wa Kariakoo ambao hawakuwamo darasani. Wa kwanza ni mwandishi wa habari za michezo. Yeye kwa miaka mingi, anapochoka kuandika "kufundisha", huandika kwamba fulani "anakinoa kikosi" cha Simba au cha Yanga. Wa pili ni yule mtu apitaye mitaani na baiskeli yenye gurudumu la jiwe, akiita wenye visu. Hebu tuitazame kazi yake. Kisu si chake. Ni cha mama lishe, naye atarudi nacho jikoni. Mnoaji haongezi chuma. Anachokifanya ni kuondoa: kutu, butu, mapengo. Kitakachokatwa hakimhusu. Na mwenye kisu ajua kabisa kwamba analipa ili kisu chake kikate, hategemei mnoaji aje kumkatia vitunguu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwalimu kwenye ngazi.

Kutokana na mzizi huo twapata jamaa nzima bila taabu: kunoa, mnoaji, unoaji, mnolewa, na kinoo kwa zoezi au swali linalonolea. "Mnoaji wa viongozi" yaeleweka. "Unoaji wa uongozi" pia. Kitenzi chanyumbulika chenyewe, tofauti na "kukochi" na "kukochiwa", ambavyo kitini kimevitumia ukurasa wa 11 na ambavyo ningependa visionekane tena.

Sitaficha udhaifu wa neno hili, na najua wasomaji watauona hata nikiuficha. Katika lugha ya mitaani "umenoa" maana yake umekosea, umekosa shabaha. Kijana akisikia "mnoaji wa viongozi" aweza kudhani ni mtu awakoseshaye. Hatari hiyo ipo, ila naiona kuwa ndogo, kwa sababu maana hiyo ya mzaha haichukui mtendwa: mtu hunoa tu, hamnoi mwingine. Kizuizi kikubwa zaidi ni heshima. Je, katibu mkuu atakubali kuambiwa ananolewa, kana kwamba alikuwa butu? Pengine hatakubali mwanzoni. Lakini huyo huyo alikubali kupigwa msasa, maana semina za kupigana msasa zimekuwako miaka mingi, na msasa ni mkali kuliko kinoo.

Nusu ya pili ya jina haina taabu kubwa. Uongozi ni neno ambalo taifa hili limelifanyia kazi kwa bidii. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuwaandaa viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea masharti. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya juu ya ubwana. Ilipoundwa Taasisi ya Uongozi mwaka 2010, neno hilo liliachwa kama lilivyo hata katika jina lake la Kiingereza. Basi sioni sababu ya kitini kuchanganya "uongozi", "utawala" na "menejimenti" kana kwamba ni kanga za doti moja. Mtawala ana watu chini yake. Meneja ana mali na ratiba. Kiongozi ana watu nyuma yake, nao wanaweza kugeuka. Katika misafara ya karne ya 19 aliyetangulia na bendera aliitwa kirangozi, na wasafiri wa Ulaya waliandika kwamba wapagazi wenyewe walikuwa na sauti katika kumchagua. Wenyeviti wa wafanyabiashara wa Kariakoo waliosimama kati ya wenzao na serikali katika mgomo wa Mei 2023 wangeielewa maana hiyo bila kitini.

Yako mengine mengi ambayo nayapitia upesi. "Maswali yenye nguvu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sisi husema swali zito, au swali linalofumbua. "Kumshikia mwenzako nafasi", ambako kitini chakusudia kumwachia mtu utulivu wa kufikiri, kwa mkazi wa Dar es Salaam ni kumwekea kiti ndani ya daladala, na hana maana nyingine ya kufikiria. "Mteja" sina ugomvi nalo sana, ingawa yafaa kukumbuka kwamba neno hili limekwisha kuwa na mganga kabla ya kuwa na muuza duka, na kwamba vijana wamelifupisha wakalifanya jina la mtumiaji wa dawa za kulevya. Kuna pia ile njia ya hatua nne iliyoenezwa na kitabu cha John Whitmore cha mwaka 1992, ambayo kwa Kiingereza herufi zake za kwanza huunda neno lenye maana ya kukua. Mtafsiri amehangaika kurasa mbili akitafuta maneno manne ya Kiswahili yaanzayo kwa herufi zile zile, hata akaandika "Ramani" mahali pa hali halisi na "Wosia" mahali pa nia. Wosia! Mtu aulizwa ataanza kesho kufanya nini, naye aandikiwa urithi. Lengo, hali halisi, njia zilizopo, nia: yatosha. Herufi za mwanzo si sehemu ya maana, na mwanafunzi atakayeshindwa kukumbuka maneno manne bila kibwagizo hataweza kukumbuka alichoambiwa na mtu kwa saa nzima.

Nimeliacha hadi sasa jambo lililonisumbua kuliko yote, nalo ni cheti.

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kumaliza ni kufika mwisho; hata foleni humalizwa. Kuhitimu ni kumaliza kwa ukamilifu lile lililopangwa, nalo lina undugu na hatima na hitima. Katika madrasa za Kariakoo mtoto huhitimu msahafu anapousoma wote mbele ya mwalimu wake, na siku hiyo nyumbani kwao hupikwa pilau. Kufuzu ni kushinda, kupata, kuvuka mbele ya wengine au mbele ya kipimo. Aliyehitimu si lazima awe amefuzu. Timu huhitimisha msimu wake kila mwaka, lakini si kila mwaka hufuzu kuingia mashindano ya Afrika.

Cheti cha Kiingereza kilisema jambo la kiasi tu: kwamba mwenye jina hili amekamilisha programu ya saa kadhaa yenye ithibati. Cha Kiswahili kilisema kwamba "amefuzu na kuthibitishwa kuwa Kocha wa Uongozi wa Kimataifa". Tazama yaliyotokea njiani. Kukamilisha kumekuwa kufuzu. Ithibati, ambayo ilikuwa ya programu, imemhamia mtu. Na neno "kimataifa", ambalo halikuwamo popote, limejitokeza, nadhani kwa sababu mstari ulionekana mfupi. Katika utaratibu wa kazi hii mambo hayo mawili hutenganishwa kwa makusudi. Programu hupewa ithibati. Mtu hutambuliwa baadaye, akikwisha kutimiza saa zake za mazoezi na kupita mtihani wa shirikisho. Washiriki wetu wengi walikuwa na saa 20 au 30 kati ya 100.

Msomaji aweza kusema kwamba ni karatasi tu ya kutundika ukutani. Lakini mtumishi wa serikali hatundiki; hupeleka nakala iwekwe katika jalada lake. Mmoja wa washiriki wa awamu iliyotangulia alifanya hivyo. Mwajiri wake akamwandikia barua akimtaka ataje chombo kilichomthibitisha na namba ya uthibitisho. Hakuwa nayo, maana hapakuwa na uthibitisho wowote. Mtu huyu hakughushi kitu. Alihudhuria jioni zote, akalipa ada yote, akapeleka karatasi aliyopewa. Kwa muda wa wiki sita hivi alitembea ofisini akitazamwa kama mwongo kwa sababu ya vitenzi viwili. Niliposikia habari hiyo nilikumbuka tafsiri zangu mwenyewe za zamani, na nyingine nisingependa kuziona katika jalada la mtu.

Niliandika sentensi mpya: "Amehitimu mafunzo ya unoaji wa viongozi, ya saa kadha wa kadha, katika programu yenye ithibati." Chama kiliikubali nusu. "Amehitimu" liliingia, "kimataifa" likatoka, na ithibati ikarudishwa kwa programu yake. "Unoaji" haukukubaliwa, mpiga chapa alikuwa ameshatengeneza kichwa cha cheti kwa herufi za dhahabu, na kichwa hicho chasema "Kocha". Yule mwalimu mkuu msaidizi alirudia mtihani baada ya miezi miwili. Safari hii, kabla ya kuketi, alimweleza mgeni wake mwenyewe kwa maneno yake: "Mama, mimi hapa ni kama mnoa visu. Kisu ni chako." Mgeni, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alifikiri kidogo, akavua viatu, akaanza kusema.

Nimelipeleka neno hilo, pamoja na ndugu zake wanne, mbele ya kamati ya istilahi. Wasomaji wenye neno bora, hasa walioko Zanzibar, Mombasa na Lubumbashi ambako huenda kunoa hakubebi maana ya kukosea, watuandikie kabla kamati haijakaa.